Wakaazi wa Pua ya Bi Tatu

Choko, choko. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ninayoikumbuka kazini, na mpaka leo naisikia vizuri kuliko jina langu likiitwa. Mzee Harshad ameinamisha kichwa, ameweka pakiti ya barafu sikioni kama mama anayechagua nazi, anaitikisa. Kimya. Anairudisha mezani. Anakoroga chai yake, anakunywa nusu kikombe. Anaitikisa tena. Choko, choko. Maji yameanza kucheza ndani ya barafu.

"Sasa," akaniambia, "sasa unaweza kuikabidhi kitu hai."

Mimi nilikuwa na fagio mkononi. Nilidhani mzee wa watu kichwa kimeanza kuchoka.

Wadogo zangu mnaobaki maabara, mliniomba niwaandikie kidogo, nami nimekaa kuandika. Wifi yangu akipita ananichungulia begani na kucheka: "Mstaafu gani huyu hana mvi hata moja?" Ni kweli, nina miaka thelathini na minne. Nimefanya kazi miaka kumi na mmoja, na iliyonistaafisha ni mikono yangu mwenyewe. Mnakumbuka vile vipele katikati ya vidole na kwenye kifundo cha mkono, palepale glovu inapobana. Tulibadilisha glovu za mpira, zikaja zisizo za mpira, nikapumzishwa miezi miwili, mikono ikawa laini kama ya bibi harusi. Siku niliyorudi nikavaa glovu, kufika jioni vipele vilevile, mahali palepale. Daktari wa ngozi akanieleza kwamba kuna seli za kinga zinazoishi ndani ya ngozi, zimeijua dawa iliyomo kwenye glovu, na zinaikumbuka. Nilicheka mpaka akashangaa. Miaka yote hiyo nabeba wakaazi wa miili ya watu kwenye boksi, kumbe wa kwangu wananiandikia barua ya kuacha kazi! Sina kinyongo nao. Wanafanya kazi yao kwa bidii, ila wamemshika asiye na hatia.

Nilianza kama msafishaji. Shule niliishia kidato cha pili, na pale maabara kila mtu ana karatasi za shule za kujaza kabati. Maabara yetu mnaijua, ghorofa ya pili kule Kisutu, chini duka la sufuria, ngazi zenye harufu ya dengu kila ikifika saa sita. Mzee Harshad alizaliwa mitaa mitatu kutoka pale. Chakula chake kilikuja kwenye kopo la chuma la ghorofa tatu, na hakuwahi kula nyama maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuhesabu seli kutoka kwenye pua za watu. "Hizi," alikuwa akisema, "nazitazama tu."

Siku ya tatu au ya nne nilimuuliza kwa nini tunahangaika na pua, wakati kila mtu anajua kinga iko kwenye damu. Aliweka kalamu chini.

"Unakaa wapi, binti?"

"Buguruni, mzee."

"Kibaka akiingia mtaani kwenu saa nne asubuhi, nani anamwona kwanza? Doria?"

Nikacheka. "Doria itoke wapi? Mama muuza maandazi ndiye anamwona."

"Basi. Askari wa kwenye damu ni doria. Leo wako mguuni, kesho begani. Lakini virusi vikishaingia mara ya kwanza, vita vikaisha, wachache kati ya wale askari hawaondoki. Wanahamia palepale vita vilipopiganwa. Kwenye utando wa pua, kwenye mapafu, kwenye ngozi. Hawarudi tena kwenye damu. Wanakaa miezi, wengine miaka. Kirusi kilekile kikirudi, hawangoji kuitwa. Ndani ya saa chache wamepiga kelele, majirani wamefunga milango, doria imeitwa, na seli iliyovamiwa imemalizwa kabla haijamwaga virusi vingine."

"Na kikija kirusi kigeni kabisa?"

"Hicho hawakijui. Mama wa maandazi anamjua kila mwizi wa Bongo hii?"

Kuanzia siku hiyo nikawa nafagia huku nawawaza. Nilikuwa naona kabisa mtaa mzima ndani ya pua yangu, kina mama wamekaa vibarazani, mmoja anachambua mchele, jicho moja liko njiani. Msinicheke. Mtu akiwa na fagio tu mkononi, kichwa kinakuwa na nafasi kubwa.

Nilivyotoka kwenye fagio kwenda kwenye boksi sitawachosha. Mbebaji aliumwa, nikashika boksi siku moja, sikulirudisha. Kazi ikawa kwenda Kariakoo na nesi, kuchukua sampuli kwa wafanyabiashara waliokubali na kutia saini, na kuzirudisha Kisutu zikiwa hai. Sisemi zikiwa safi, nasema zikiwa hai. Damu ni rahisi. Pua ndiyo yenye masharti. Nesi anaingiza kijiko cha plastiki, chembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, anakwangua utando kwa upole mara moja, mbili. Mtu anatoa chozi moja, basi. Kijiko kinatumbukizwa kwenye tyubu yenye maji ya rangi ya waridi. Tyubu inatakiwa ipoe lakini isigande, kwa sababu seli ikiganda bila dawa ya kuilinda inapasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Ndiyo maana pakiti haitoki kwenye friza ikaingia kwenye boksi. Inawekwa mezani, inatoka jasho, inatikiswa, ikilia ndipo inaingia. Nusu saa, siku nyingine zaidi. Mzee Harshad alikuwa na kikombe chake cha chai cha kusubiria barafu, nami nikawa na changu.

Watu wa Kariakoo mnawajua. Mwaka wa kwanza walituita "wakwangua pua". Muuza vikapu mmoja alitufuata mpaka njiani akiuliza, "Dada, hizo pua mnakwenda kuziuza wapi? Nina ya akiba hapa." Lakini walikubali mmoja mmoja, kwa sababu mafua yanapita pale kama wateja. Anayekohoa kwenye duka la vitenge asubuhi, mchana unakohoa mtaa mzima.

Sasa niwaambie habari ya Bi Tatu. Ni ya mwaka wangu wa mwisho, wakati nilikuwa mzoefu kabisa, na ndiyo maana naiandika. Makosa ya mgeni kila mtu anayategemea.

Bi Tatu anauza viungo mtaa wa nyuma ya soko. Bizari, mdalasini, pilipili manga, vyote kwenye visado, na yeye katikati na kanga yake, miwani imeshuka puani. Ni mtu wa pwani hasa, mcheshi, ila akikukata jicho unaomba radhi kabla hujajua kosa. Siku ya kwanza nesi alipiga chafya saba mbele ya meza yake.

"Mnataka pua yangu?" akasema. "Pua hii imevuta pilipili miaka ishirini na mbili. Kirusi kitaingia humo kufuata nini?"

"Ndiyo tunataka kujua, Bi Tatu."

Akapanga visado vilivyokuwa tayari vimepangwa. Kisha akatuambia. Ule ugonjwa wa kifua uliopita, mume wake aliumwa siku kumi na moja. Alimuuguza yeye, chumba kimoja, kikombe kimoja, taulo moja. Mume akafariki. Yeye alipata mafua ya siku mbili.

"Tangu siku hiyo najiuliza swali moja tu," akasema. "Kwa nini yeye, na si mimi? Nyinyi wenye vijiko, mtanijibu?"

Nesi alimweleza vizuri kwamba utafiti hautoi majibu ya mtu mmoja mmoja hovyo, na jambo likihitaji kusemwa atalisema daktari. Bi Tatu akatia saini. Lakini alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyetikisa kichwa kwa huruma. Kumbukeni hapo.

Sampuli yake ilichukuliwa siku ya joto kali, kabla mvua hazijaanza. Alipiga simu mwenyewe. "Njooni sasa hivi, wateja wamepungua." Nesi alikuwa tayari kashuka ngazi. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi tangu asubuhi, feni zimekufa, na mimi nikajisemea, joto hili, Zuhura, barafu ikiwa ngumu ndiyo bora. Nikachomoa pakiti nne kutoka kwenye friza, mawe matupu, nikazipanga kwenye boksi nikakimbia. Siku hiyo alikuwa yeye peke yake. Pua na damu, damu ikiwa imefungwa pembeni mbali na barafu. Niliporudi, tyubu ya pua ilikuwa na ukungu mweupe kwa nje. Niliifuta na upindo wa kanga nikaipeleka mezani, mwenyewe najiona nimewahi.

Kwa kawaida kuna rangi tunayotia ili mashine itambue seli hai na zilizokufa. Wiki hiyo ilikuwa imetuishia, nyingine iko melini bado haijafika bandarini. Mashine ikahesabu ilichokiona. Kwenye damu, seli zinazokijua kirusi cha ule ugonjwa wa kifua zilikuwa chache mno. Kwenye pua, hakuna.

Nilijuaje? Nilipita kwenye printa kuchukua lebo zangu, karatasi yake iko juu, nikaisoma. Kidato cha pili kinatosha kusoma sifuri.

Kesho yake nilipita Kariakoo kwa shughuli zangu. Bi Tatu akaniita. "We Zuhura! Mbona wapita kama hunijui? Pua yangu imesemaje?"

Nilitakiwa niseme, "Shikamoo Bi Tatu, atakuambia daktari." Maneno matano. Badala yake nikakaa kwenye kigoda chake, nikamshika mkono, nikamwambia ajihadhari, asikae sana kwenye watu, maana wale walinzi wa puani hawakuonekana. Nilisema kwa upendo. Wadogo zangu, nimeona madhara mengi kazini, na yaliyofanywa kwa upendo ndiyo magumu kuyasafisha.

Akageuka kupima bizari ya mteja, nusu ikamwagika mezani.

Siku iliyofuata meza ilikuwa imefunikwa turubai. Ya pili, turubai. Ya nne nikamuuliza muuza vikapu.

"Kajifungia ndani," akasema, hana mzaha hata kidogo. "Anasema alikuwa anaishi kwa bahati, na bahati imekwisha. Wajukuu wakija wanasalimia dirishani. Nani kamwambia maneno hayo, jamani?"

Nilirudi Kisutu. Mzee Harshad alikuwa na karatasi ya Bi Tatu mkononi, anaikunjia uso.

"Pua kukosa wakaazi wa kirusi hiki, inawezekana," akasema. "Lakini hii haina kitu chochote. Hata mtu mwenye pua mbovu ana watu wake. Hii ni kama mtaa uliohamwa." Akanitazama juu ya miwani. "Zuhura. Siku ile ulitikisa?"

Ndipo nikauona ule ukungu mweupe kwenye tyubu. Niliuona kama uko mbele yangu.

"Sikutikisa, mzee."

"Ulisubiri?"

"Sikusubiri."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Nikamwambia na lile la pili, kwamba nilishamwambia Bi Tatu. Hapo akakaa.

"Barafu nitamweleza mimi Daktari Upendo," akasema. Daktari Upendo ndiye mkuu wetu, mnamjua, mpole lakini hapindishi. "Hilo la ulimi utalieleza wewe. Kwa daktari, halafu kwa mwenyewe."

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu. "Ulisoma karatasi ya nani?" Nikasema ya Bi Tatu. "Nani alikupa?" Nikasema hakuna. Akaandika, nami nikatia saini nilichokifanya. Kisha akanituma na nesi tukaombe sampuli nyingine, tundu la pili la pua, kama mwenyewe atakubali. Kama hatakubali, basi.

Bi Tatu anakaa Gerezani, chumba na ukumbi, mlango wa kijani. Alifungua dirisha tu.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Semeni mlichokuja nacho, msisogee."

Nikasema yote, nimesimama juani. Kwamba barafu ilikuwa ngumu. Kwamba niliua seli zake njiani kabla mashine haijaziona. Kwamba ile sifuri ni ya boksi langu, si ya pua yake. Na kwamba hata ingekuwa ya kweli, haikuwa yangu kuisema. Nesi alitazama chini. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

"Siku sita," Bi Tatu akasema. "Siku sita sijamshika mjukuu. Na wewe ulijua lini?"

"Jana mchana."

"Jana mchana." Akarudia taratibu, kama anaonja chumvi. "Nilikesha usiku kucha nikimwambia marehemu, mume wangu nakuja. Nikamwambia, ilikuwa bahati tu, hapakuwa na sababu. Unajua ni kitu gani kumwambia mtu hivyo?"

Dirisha likafungwa. Nesi akanigusa bega tuondoke. Tumefika kwenye kona, tukasikia mlango.

"Nyinyi! Rudini. Huo ujinga wenu uacheni njiani, boksi si mnalo." Akaketi kibarazani, akanyoosha mkono. "Lete hiyo barafu."

Nikampa pakiti. Akaiweka sikioni, akaitikisa. Ilikuwa inalia vizuri, nilikuwa nimeisubiri na vikombe viwili vya chai. Akatikisa ya pili, ya tatu, ya nne, moja baada ya nyingine, uso umekazwa kama anachagua nazi za harusi.

"Nzima," akasema. "Haya, kwangueni. Na wewe Zuhura, usinishike mkono leo."

Hebu niwatoe wasiwasi hapahapa, maana sipendi mtu asome moyo uko juu. Turubai liliondolewa wiki iliyofuata. Daktari Upendo alimwita Bi Tatu mwenyewe, wakakaa mlango umefungwa. Nilichokijua nilikijua kwa kuambiwa na Bi Tatu, na soko zima likakijua pamoja nami, maana alikitangaza mezani akipima mdalasini. Kwenye damu, wale wenye kukijua kirusi ni haohao wachache. Kwenye pua, wamejaa. "Wamekaa ndani, hawatembei!" alisema. "Kama mimi mwenyewe." Daktari alimwonya kwamba hiyo si hirizi. Wakaazi hupungua siku zikipita, kirusi hujibadilisha sura, chanjo asiiache, na akiumwa aje hospitali kama mtu mwingine. Na lile swali lake la siku zote, kwa nini yeye na si mimi, daktari alimjibu nusu. Alimwambia tunajua kuna nini puani mwake leo, hatujui kulikuwa na nini siku zile. Bi Tatu akasema nusu inamtosha. Nusu ni zaidi ya bahati.

Mimi alinisamehe? Sijui. Alikuwa ananiuzia kwa bei ya watu wote, na kila tulipokwenda alitikisa barafu mwenyewe kabla nesi hajavaa glovu. Kusema kweli nilipenda vile. Wengine wakamwiga. Mtawakuta, mtaa mzima unatikisa barafu, na asiyesikia maji anawarudisha Kisutu. Msibishane nao.

Lakini kuna dakika moja katikati sijamwambia mtu, na ndiyo ninayotaka iwe ya mwisho hapa.

Ni ile siku ya sampuli ya pili. Nimefikisha tyubu, haina ukungu, maji yake waridi yametulia. Ile rangi ya kutambua seli hai ilikuwa imefika. Mzee Harshad alifanya kazi yake mpaka mchana, akawasha mashine ihesabu, akashuka kwenda kusali kwao mtaa wa pili. Daktari alikuwa kwenye kikao huko Posta. Nesi kaenda kula. Nimebaki mimi na friza.

Printa ikakohoa, ikaanza. Karatasi ikatoka nusu, ikasimama, ikatoka yote, ikateleza mpaka ukingoni mwa meza uso juu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Ningeinua jicho tu. Na nilikuwa na kila sababu. Mama wa watu amejifungia, wajukuu wako dirishani, na kama ni habari njema ningeweza kufika Gerezani kwa miguu kabla adhana ya alasiri haijatoka.

Nilifumba macho. Nikaipapasa meza mpaka nikaishika karatasi kwa pembe, nikaigeuza kifudifudi, nikaiwekea sahani ya kikombe juu isipeperuke na feni. Kisha nikafumbua macho, nikaenda kuosha boksi.